Jua peke yake haitoshi: kwa nini Dunia iko na uhai na Mwezi hauna

Mwezi unapata jua sawasawa na sisi. Kutoka hapa mpaka kwenye Jua ni kilometa kama milioni 150, na Mwezi uko kilometa 384,000 tu kando yetu, kwa safari ndefu vile hiyo tofauti ni kama haipo, mwangaza unatumia dakika 8 na kidogo kufika kwetu na kwenye Mwezi unafika karibu wakati huo huo na nguvu ile ile. Lakini mchana wa Mwezi joto inapanda mpaka digri 120, usiku inashuka zaidi ya digri 130 chini ya sufuri, na hakuna hata kamajani kamoja. Hapa kwetu mwangaza ule ule unaotesha viazi vya Masisi na unakausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kule Kituku. Kwa hiyo mtu akisema "uhai unatoka kwa jua" amesema kweli, lakini amesema nusu, na ile nusu yenye inabaki njo ninapenda kueleza leo, ju sehemu kubwa yake watu wa Goma tunaikanyaga kila siku, iko ndani ya mawe yetu na ndani ya ziwa yetu.

Tuanze na hesabu ya jua yenyewe. Juu kabisa, kabla mwangaza haujagusa hewa, kila mita moja ya mraba yenye imeelekea Jua inapokea wati kama 1,361. Lakini Dunia ni mviringo na inazunguka, nusu yake iko usiku, kule kaskazini na kusini kabisa mwangaza unafika umelalia upande, so ukigawa kwa uso wote wa Dunia unabaki na wati 340 hivi kwa kila mita ya mraba. Tena katika hiyo, karibu sehemu 30 kwa 100 inarudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga wa majangwa bila kupasha kitu chochote. Watu wa fizikia wakipiga hesabu na kile kinabaki wanakuta Dunia ingepaswa kuwa na joto ya wastani ya digri 18 chini ya sufuri, yaani bahari zote barafu, mito yote barafu. Lakini wastani wa kweli ni kama digri 15 juu ya sufuri. Zile digri 33 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye hewa.

Na si hewa yote. Azoti na oksijeni, zenye zinafanya sehemu 99 kwa 100 ya hewa kavu, karibu hazizuii joto hata kidogo. Kazi inafanywa na gazi zenye ni kidogo sana: mvuke wa maji, gazi karboniki (CO2) yenye siku hizi iko kama sehemu 420 kwa kila milioni, na metani yenye haifike hata pale. Mwangaza wenye tunaona unapita ndani ya hizi gazi bila shida, unapiga udongo, udongo unapata joto kisha unaitoa tena kwenda juu, lakini unaitoa kwa mionzi yenye macho haioni, na ile mionzi njo hizi gazi zinakamata, ingine zinaituma juu na ingine zinairudisha chini kwetu. Mtu wa Goma anasikiaka hii kitu kwa ngozi yake: mwezi wa sita na wa saba, mvua imekatika, anga iko wazi nyota zote zinaonekana, usiku baridi inakamata mpaka unatafuta jaketi, lakini usiku wenye mawingu yamefunga, joto ya mchana inabaki chini pamoja nasi. Mchana wa siku zote mbili jua ilikuwa ile ile. Kile kimebadilika ni kile kiko katikati yetu na anga.

Sasa angalia Zuhura, ile yenye tunaionaka asubuhi mapema ao jioni ikiwaka kuliko nyota yoyote. Iko kilometa milioni 108 toka kwa Jua na mwangaza wenye unafika kule ni karibu mara mbili ya wetu. Ardhi yake iko digri 465 hivi, usiku na mchana, joto yenye inayeyusha risasi. Watu wengi wanafikiri ni ju iko karibu na Jua tu. Hapana, na hapa njo naomba usome polepole. Zuhura imefunikwa na mawingu ya asidi ya sulfuri yenye inarudisha karibu robo tatu ya mwangaza wote, kwa hiyo jua yenye inaingia kweli na kupasha ile sayari, kwa kila mita ya mraba, ni KIDOGO kuliko yenye inaingia kwenye Dunia. Sayari inapokea jua kidogo kuliko sisi na inaungua vile! Sababu ni hewa yake: sehemu 96 kwa 100 ni gazi karboniki, na ni nzito mara 90 hivi kuliko hewa yetu, joto ikishaingia haina njia ya kutoka. Warusi wa wakati wa Muungano wa Kisovieti walipeleka chombo Venera 13 kule mwaka wa 1982, kilitua, kikatuma picha za rangi, kikavumilia dakika 127 basi.

Na usifikiri kwamba Dunia haina karboni nyingi vile. Iko nayo, wanajiolojia wanakadiria kiasi chenye hakiko mbali na kile cha Zuhura, tofauti ni kwamba ya kwetu imelala ndani ya mawe, hasa mawe ya chokaa. Kama mtu angeweza kuitoa yote kwa siku moja tungekuwa Zuhura ya pili. Ni nani aliiweka ndani ya mawe? Maji. Nitarudia hapo, ju njo moyo wa hii makala.

Upande mwingine kuna Mirihi, ao Mars kama vile tulisoma shuleni. Kilometa milioni 228 toka kwa Jua, inapata mwangaza wenye haufike nusu ya wetu, wastani wa joto ni kama digri 60 chini ya sufuri. Lakini baridi si shida yake ya kwanza, shida ni presha. Goma iko mita karibu 1,500 juu ya bahari, hewa inatukandamiza kidogo kuliko vile inakandamiza mtu wa Matadi ao Mombasa, njo maana maji hapa inachemka kwenye digri 95 hivi na maharagi inakula makala mingi kabla ya kuiva. Ukipanda juu ya volkano yetu Nyiragongo, mita 3,470, inachemka mapema zaidi. Sasa endelea na hiyo njia mpaka hewa ibaki chini ya sehemu 1 kwa 100 ya hewa ya kando ya bahari, pale uko Mirihi: maji inachemka karibu na sufuri yenyewe, barafu ikipata joto inageuka mvuke moja kwa moja, maji ya kutiririka haina fasi. Na bila maji ya kutiririka, kemia yote ya uhai wenye tunajua inasimama, ju chembe ya uhai ni kamfuko ka maji yenye vitu vimeyeyuka ndani vinakutana.

Lakini kuna wakati Mirihi ilikuwa na mito. Gari Perseverance ilitua tarehe 18 mwezi wa pili 2021 ndani ya shimo la Jezero, fasi yenye mto wa zamani sana uliingilia ziwa na kuacha matope yake. Nini ilitokea? Mirihi ni ndogo, uzito wake ni kama sehemu moja kwa kumi ya Dunia. Kitu kidogo kinapoa haraka. Ndani yake ilipopoa, chuma chenye kinazunguka kule katikati na kutengeneza usumaku kiliacha kufanya hiyo kazi, ikabaki bila ule ukuta wa sumaku, na upepo wa Jua, ule wa vipande vya atomi vyenye vinatoka kwa Jua bila kupumzika, ukaanza kung'oa hewa kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Chombo MAVEN kilifika kule 2014 na kikapima mpaka gazi zenye zinatoroka. Tena volkano zake zikanyamaza, ikiwemo Olympus Mons, kilometa 22 hivi kwenda juu, zaidi ya mara sita ya Nyiragongo yetu, so ile hewa yenye inapotea hakuna tena kitu cha kuirudisha.

Wanaastronomia wako na hesabu ya ukanda wenye maji inaweza kukaa maji juu ya uso wa sayari. James Kasting na wenzake waliupima 1993 wakasema, kwa Jua yetu, unaanza kama kilometa milioni 142 mpaka 205. Mwaka wa 2013 hesabu ikafanywa upya, mipaka ikasogea mpaka karibu 148 na 250. Angalia vizuri hizo namba za pili: sisi tuko 150, karibu kabisa na mlango wa moto, na Mirihi na 228 zake iko NDANI ya ukanda. Iko ndani na imekauka. Ndiyo maana mimi sipendi vile vichwa vya habari vyenye vinasema "wamegundua sayari yenye uhai" kila mara sayari ingine inapatikana kwenye ukanda. Ukanda unakuambia tu kama inafaa uendelee kuangalia.

Sasa turudie maji na mawe.

Jua yenyewe haikukaa ile ile. Nyota kama yetu inawakaka zaidi kadiri inazeeka, na miaka bilioni 4.5 iliyopita Jua ilikuwa na nguvu kama sehemu 70 kwa 100 ya ya leo. Carl Sagan na George Mullen waliandika juu ya hiyo shida mwaka wa 1972: kwa jua dhaifu vile Dunia ingepaswa kuwa barafu kwa nusu ya maisha yake, lakini mawe ya zamani yanaonyesha maji. Kule Australia kuna vijiwe vya zirkoni vya miaka bilioni 4.4 vyenye kemia yake inaonyesha kwamba maji ilikuwa tayari. Kwa hiyo jua imeongezeka nguvu sana na Dunia haikuungua, na wakati jua ilikuwa dhaifu Dunia haikubaki barafu, isipokuwa mara chache. Nani alikuwa anachunga?

Jibu yenye wanasayansi wengi wanaikubali ilitolewa 1981 na Walker, Hays na Kasting, na mtu wa Goma anaweza kuifuata kwa macho. Gazi karboniki ya hewa inaingia ndani ya mvua, mvua inakuwa asidi dhaifu kidogo. Ile mvua inakula mawe. Inatoa kalsiamu ndani ya jiwe, mito inabeba, inafika kwenye bahari, pale karboni na kalsiamu vinashikana vinakuwa chokaa na vinalala chini. Hivyo hewa inapoteza gazi karboniki. Kisha ardhi ya chini ya bahari inazama pole pole, inapata moto, na volkano zinatoa ile gazi tena juu. Ujanja uko hapa: joto ikipanda, mvua inakuwa mingi na mawe yanaliwa haraka, gazi inapungua, Dunia inapoa. Baridi ikizidi, mvua inapungua, mawe hayaliwi, lakini volkano haziachi kutoa, gazi inajikusanya, joto inarudi. Ni kama sufuria ya maharagi juu ya mbabula: moto ukizidi, maji inafurika inamwagikia makala, moto unashuka, maji inatulia, na makala inashika tena bila mtu kugusa. Lakini ile sufuria inafanya kwa dakika, Dunia inafanya kwa laki na laki za miaka, so usitegemee hii itusaidie na moshi wenye tunatoa leo kwa magari na viwanda, itachelewa sana kwa sisi na kwa wajukuu wa wajukuu.

Kama unataka kuona hii mashine kwa karibu, simama mbele ya ukuta wowote wa mawe meusi hapa mjini, Ndosho, Majengo, fasi yoyote. Angalia jiwe moja. Imejaa vitundu, ingine kama kichwa cha sindano, ingine inaingia kidole. Kila katundu ni gazi yenye ilikuwa ndani ya lava ikawa inatafuta kutoka wakati jiwe inaganda, mvuke wa maji, gazi karboniki, sulfuri. Ile gazi haikubaki hapa, ilienda kwenye hewa ya watu wote. Kisha tembea kwenye lava ya Nyiragongo ya mwezi wa kwanza 2002, ile yenye ilikata mji katikati na kuingia ziwani, kwenye fasi hawajajenga: chini ya nyufa, fasi maji ya mvua inakaa, jiwe imeshaanza kubadilika rangi, inakuwa kama kahawia, juu kuna kitu cha kijivu kama ukungu umekauka kimeshikilia, na ndani ya ufa udongo kidogo wa kujaza kiganja, na majani ya feni yametoka. Ule udongo ulikuwa jiwe. Mvua na karboni na mizizi vimelikula. Lava ya aina yetu inaliwaka haraka kuliko mawe mengine mingi, njo maana wakulima wa Rutshuru na Masisi wako na udongo mweusi wenye unazaa vile.

Sisemi hivi ili kupunguza kile watu walipoteza. 1977, 2002, tarehe 22 mwezi wa tano 2021 usiku vile lava ilifika Buhene, kila familia hapa iko na yake ya kusimulia. Na ile gazi karboniki inaua hata bila lava: mazuku za Sake, Bulengo na pembeni ya Lac Vert, gazi inatoka chini ya udongo, ni nzito kuliko hewa, inajaza mashimo na mabonde usiku wenye hauna upepo, asubuhi unakuta mbuzi wamelala hawaamki, na mara ingine ni mtoto mwenye alitumwa kuchota maji. Kwenye hewa ya kawaida gazi karboniki ni sehemu 420 kwa milioni na njo inatupa joto ya kuishi, ikifika sehemu 10 kwa 100 mtu anaanguka kwa dakika chache. Kitu kimoja, kipimo tofauti. Lakini mtu akiniuliza kama Dunia ingekuwa bora bila volkano, nitamjibu hapana bila kusita, ju Dunia bila volkano mawe yangekula hewa mpaka tukaganda.

Hiyo ya kuganda si hadithi, na ushahidi mmoja uko kwetu Congo, Katanga. Watu wa mines kule Kolwezi na Likasi wanajua jiwe moja linaitwa Grand Conglomérat, ni matope ya zamani yenye imejaa mawe ya kila ukubwa na kila aina imechanganyika bila mpango, vile barafu kubwa inafanyaka inapokokota mlima na kuuacha. Barafu, Katanga! Na wakati ule ile sehemu ya ardhi haikuwa kando ya ncha ya kusini, ilikuwa kwenye nchi za joto. Kati ya miaka kama milioni 720 na milioni 635 iliyopita Dunia iliganda mara mbili karibu yote. Barafu ni nyeupe, inarudisha jua, baridi inazaa baridi ingine. Kilichotutoa ni volkano: barafu ilifunika mawe, mvua ikakatika, hakuna kitu cha kula gazi karboniki, volkano zikaendelea kutoa kwa mamilioni ya miaka mpaka joto ikashinda. Jua haikufanya kitu kipya.

Jua imefanya nini basi? Mingi sana, lakini hiyo kazi ilihitaji mwenye kuipokea. Kuna bakteria za kijani zenye zilijifunza kutumia mwangaza kupasua maji na kutengeneza chakula, na takataka yake ilikuwa oksijeni. Miaka kama bilioni 2.4 iliyopita oksijeni ikaanza kubaki kwenye hewa, na kule juu ikatengeneza ozoni, ngao yenye inazuia mionzi mikali ya Jua yenye inakatakata kemia ya chembe. Kabla ya hapo nchi kavu ilikuwa fasi ya kuungua, uhai ulijificha ndani ya maji. Yaani jua ile ile yenye inalisha inaua pia, na ngao yenyewe ilitengenezwa na uhai, sayari haikuzaliwa nayo. Hii mimi naiona kubwa kuliko yote yenye nimeandika hapa juu.

Ziwa Kivu inaonyesha mpaka kati ya ulimwengu wenye unakula jua na ule wenye haukule. Juu, mwangaza unaingia makumi machache ya mita, vijani vidogo vya maji vinakua, vidudu vinavila, sambaza wanakula vidudu, na sambaza wenyewe waliletwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Oksijeni inashuka kama mita 60 hivi basi. Chini ya hapo, mpaka karibu mita 485, ni giza na maji nzito ya chumvichumvi yenye haichanganyike na ya juu, imebeba gazi karboniki kama kilometa mchemraba 300 na metani kama 60, ukizipima kwa presha ya kawaida. Samaki hawezi kuingia pale. Lakini si fasi imekufa: sehemu kubwa ya metani inatengenezwa na vijidudu vyenye vinaishi bila oksijeni, na pale maji mbili zinapokutana kuna bakteria zingine zinangojea metani ipande zinaila. Ni ile metani njo wenzetu wa ng'ambo, Rwanda, wanachomea umeme pale kwenye kiwanda cha KivuWatt. Watu wanaogopa ziwa ipasuke kama ziwa Nyos kule Kameruni, tarehe 21 mwezi wa nane 1986, yenye iliua watu zaidi ya 1,700, na hiyo hofu iko na msingi, lakini matabaka ya Kivu yamesimama imara, hata lava ya 2002 iliingia na hayakugeuka.

Je, uhai unaweza kukaa bila jua kabisa? Mwaka wa 1977, mwaka ule ule Nyiragongo ilimwaga ziwa yake ya lava tarehe 10 mwezi wa kwanza, watafiti ndani ya chombo Alvin walishuka kama mita 2,500 chini ya bahari karibu na Galápagos wakakuta chemchemi za moto, na pembeni yake wanyama wengi kwenye giza kabisa, wanalishwa na bakteria zenye zinatumia sulfuri fasi ya mwangaza. Wale wanyama bado wanatumia oksijeni yenye ilitoka juu, so hawajaachana na jua kabisa. Lakini Afrika ya Kusini, kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, kama kilometa 2.8 chini ya ardhi, walipata bakteria inaishi karibu peke yake, nguvu yake inatoka kwa urani ya ndani ya mawe yenye inapasua maji na kuacha haidrojeni. Hiyo haijui jua ni nini.

Hiyo njo imebadilisha fasi ya kutafuta. Mshtarii inapata mwangaza wa sehemu 4 tu kwa 100 ya wetu, iko mbali kabisa na ukanda, lakini mwezi wake Europa uko na bahari chini ya barafu, inapashwa na mvutano wa Mshtarii wenye unaukunja na kuukunjua kila mzunguko. Chombo Europa Clipper kiliondoka tarehe 14 mwezi wa kumi 2024, kitafika 2030. Kwenye Zohali kuna Enceladus, kadogo, lakini 2005 chombo Cassini kiliona maji inaruka toka kwenye nyufa zake, na 2017 wakatangaza kwamba ndani yake kuna haidrojeni, chakula kile kile cha vijidudu vya giza.

Kwa nyota zingine mambo ni magumu zaidi. Wabelgiji wa chuo cha Liège, na Michaël Gillon mbele yao, walitangaza 2017 sayari saba zenye zinazunguka nyota ndogo nyekundu TRAPPIST-1, miaka ya nuru kama 40 toka hapa, kadhaa ziko kwenye ukanda wake. Nyota kama ile ni baridi, so ukanda wake uko karibu sana na nyota yenyewe, na sayari yenye iko karibu vile inaweza kuishia inaonyesha upande mmoja kila siku, mchana wa milele huku na usiku wa milele kule, tena nyota nyekundu zinarushaka milipuko yenye inaweza kung'oa hewa. Darubini ya James Webb ilipima ile sayari ya ndani kabisa, 2023, na haikuona dalili ya hewa nzito. Zile za ukanda bado zinapimwa.

Na ukitaka kujua watapima nini, rudia kwenye ule mpaka wa maji mbili ndani ya Ziwa Kivu. Metani na oksijeni hazikaake pamoja muda mrefu, zinakulana. Kama sayari iko na zote mbili kwenye hewa yake kwa wingi, kuna kitu kinatoa zote mbili bila kuacha. Mwezi wa kumi na mbili 1990 chombo Galileo kilipokuwa kinapita karibu na Dunia kwenda Mshtarii, Sagan na wenzake walikielekeza kwetu kama vile hawatujui, na njo hiyo kiliona: oksijeni mingi na metani kupita kiasi. Lakini wangepita miaka bilioni 3 iliyopita wasingeona oksijeni, na uhai ulikuwa tayari umejaa majini. Kwa hiyo kwa sayari changa wanatafuta dalili ingine, metani pamoja na gazi karboniki bila monoksidi ya karboni, ju volkano peke yake ni vigumu kutoa mchanganyiko kama ule, na vijidudu vinautengeneza bila shida, kwenye giza, bila kungojea oksijeni.